Ugonjwa Uliotulia Husafiri

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, kitenge cha mke wangu na hotuba ndefu, na katika hotuba zote hizo hakuna aliyeitaja kazi. Mlitaja vyeo. Mmoja wenu tu, wakati wa soda, alinivuta pembeni akaniuliza nilikuwa nafanyaje na mteja mgonjwa anayetaka kusafiri, maana kila akiandika makao makuu wanamrudishia bei ya kutisha. Nilimwambia nitamjibu kwa maandishi. Haya ndiyo majibu, na kwa kuwa mstaafu hana haraka, nitaanzia mbali.

Niliingia kazi hii Kilosa mjini, Uhuru ukiwa bado mbichi. Ofisi ilikuwa chumba kimoja karibu na stesheni. Mwenyewe alikuwa Mzee Jivan, Mhindi mfupi aliyezaliwa hapo hapo Kilosa, anayekijua Kikaguru kuliko baadhi ya ndugu zangu wa Mamboya. Alikuwa wakala wa kampuni ya bima ya ng'ambo. Siku ya kwanza nilifika nimenyoosha suruali mpaka mikunjo inakata, nikitegemea kufundishwa hesabu. Akanituma stesheni nikakae kwenye benchi, nitazame abiria wa treni ya Dar es Salaam, nirudi nimweleze wanaogopa nini. Nilirudi nikasema wanaogopa wezi.

"Wewe ndiye unayeogopa wezi," akasema. "Kesho nenda ukatazame tena."

Kesho yake nilimwona mama aliyekuwa anaonja maji ya kila mtu kabla hajamnywesha mtoto wake, na mzee aliyekuwa kila mara anauliza kama treni inasimama Morogoro, kwa sababu huko ana ndugu wa kumpokea akizidiwa. Nilipomweleza Mzee Jivan, akanipa kiti. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa, na mpaka leo sijui kama kulikuwa na barua.

Miaka ile kumtajia mtu bima ilikuwa sawa na kumtakia msiba. Watu waliniambia waziwazi kwamba nawachuria. Nilikuwa na baiskeli, mhuri, karatasi za kaboni na kitabu cha viwango, na kati ya hivyo vyote kilichofanya kazi kubwa ni baiskeli. Siku za gulio nilikwenda Ulaya, kijiji cha wilaya yetu hii hii, nikirudi watoto wa mjini wananiuliza Wazungu hawajambo. Kwenda Mamboya, kule milimani, baiskeli ndiyo iliyonipanda mimi, si mimi niliyeipanda. Tindiga niliwahi kumweleza mfugaji mmoja habari za bima ya mifugo, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza ng'ombe akifa nitamletea ng'ombe au fedha. Nikasema fedha. Akasema basi bado sijaelewa ng'ombe ni nini. Hata hivyo alinipa maziwa, na tukabaki marafiki.

Baada ya Azimio bima zikawa mali ya umma. Mzee Jivan alikabidhi funguo bila maneno mengi, akahamia Morogoro kwa binti yake, na mimi nikabaki na kiti chake. Sikufurahi kama mnavyodhani. Mtu akikufundisha kazi halafu ukakalia kiti chake akiwa hai, unakikalia upande mmoja. Asubuhi ya kuondoka alinipa neno moja, nami nawapa ninyi bila malipo: bima haiogopi ugonjwa, inaogopa kutojua. Mteja akiwa mgonjwa, kazi yako ni kuujua ugonjwa wake mpaka ofisi iache kuogopa.

Sasa nije kwenye swali lenyewe.

Bi Mwanaidi alikuwa mjane wa Tindiga, mkulima wa mpunga. Watu walipokusanyika katika kijiji cha ujamaa, yeye ndiye aliyepewa kusimamia ghala, kwa sababu alikuwa hapendelei mtu, hata panya. Watoto wake walikuwa mabinti watupu. Tangu alipofiwa na mume alikuwa anaweka akiba kidogo kidogo ya kwenda Makka, na mwaka huo ikatimia. Kijiji kizima kilijua. Alikuwa ameshaaga, ameshaomba radhi kwa kila aliyewahi kugombana naye, na kwa tabia yake ya ghalani hiyo haikuwa kazi ya siku moja.

Tatizo lilikuwa moyo. Miaka mingi nyuma daktari wa Dar es Salaam alimpima kwa mashine akaona unadunda bila mpangilio, akampa vidonge vya kumeza maisha yake yote. Mwenyewe alinieleza kwamba ndani ya kifua chake wanawake wawili wanatwanga kinu kimoja, wamekosana, kila mmoja anapiga kwa wakati wake. Vidonge haviwapatanishi, alisema, ila vinawafanya watwange polepole. Kwa vidonge hivyo alilima, alivuna, alibeba wajukuu mgongoni.

Lakini mwaka uliotangulia hujaji mmoja wa upande mwingine wa mkoa alikuwa ameugua njiani, na wenzake wakaacha fedha zao zote hospitalini ugenini, wakarudi hawana hata nauli ya kufika makwao. Kamati ya msafara ikaamua kwamba yeyote mwenye ugonjwa unaojulikana aje na bima ya safari, ama asisafiri. Ndipo Bi Mwanaidi akafika ofisini kwangu, amevaa baibui jipya, akakaa kwenye kiti cha wateja kama mtu aliyeitwa barazani.

Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza kama ni kweli kwamba mtu anayekwenda kwa Mungu anahitaji karatasi ya serikali. Nikamjibu kwamba kwenda ni kwa Mungu, ila hospitali ya njiani ni ya watu.

"Mwanangu, nimeshaaga," akasema. "Nikirudi Tindiga bila kwenda, kila nyumba niliyopita kuomba radhi nitaipitia tena kueleza kwa nini bado nipo."

Niliandika ofisi ya mkoa, Morogoro, siku ile ile. Jibu lilikuja na njia mbili. Ya kwanza, apewe bima ya bei ya kawaida, lakini lolote linalohusu moyo halilipwi. Ya pili, moyo uingie, lakini bei ipande mpaka ilingane na safari yenyewe. Vijana, njia ile ya kwanza mtaiona mara nyingi na itawavutia, kwa sababu ni rahisi na mteja anaondoka na karatasi yenye mhuri. Msiifuate. Kumwandikia mgonjwa wa moyo bima isiyogusa moyo ni sawa na kumuuzia mtu wa bondeni Kilosa bima ya mafuriko isiyolipa mto Mkondoa ukifurika. Na njia ya pili yeye hakuwa na uwezo nayo, hata angeuza mpunga wa misimu mingapi.

Nilikaa nalo jambo hilo nikizunguka na baiskeli. Pale Tindiga nikawakuta wanakijiji kwenye shamba la pamoja, wagonjwa na wazima, wenye nguvu wakilima mistari miwili na wazee nusu mstari, na hakuna aliyekwenda kumpima mwenzake mapigo kabla ya kumpa jembe. Nikajiuliza kwa nini mahujaji wa wilaya nzima tunawaandikia mmoja mmoja kama watu wasiojuana. Kitabu cha viwango kilikuwa na bima ya kundi, ila kwetu haikuwahi kutumika kwa safari. Ilitumika kwa vibarua wa mkonge. Nikawafuata mahujaji wote, wa mjini, wa Ulaya na wa Mikumi, nikawashawishi wakate bima moja kwa pamoja. Wale wazima walinung'unika kidogo. Nikawauliza wanakwenda Makka kutafuta nini kama hawawezi kumbebea mwenzao mzigo huo mdogo, wakakubali.

Meneja wa Morogoro alikuwa mtu wa kukunja uso lakini mwenye akili. Aliposikia ni kundi, alikubali kumwingiza Bi Mwanaidi pamoja na moyo wake, kwa bei ile ile ndogo ya wenzake, kwa sharti moja. Daktari wa hospitali ya Kilosa athibitishe kwamba ugonjwa umetulia, na atakayefuatana na mgonjwa awepo ili afundishwe dawa na dalili. Ni sharti la haki. Mpaka leo ningelitoa mimi mwenyewe.

Wa kufuatana naye alikuwa mkwe wake, Salumu, mume wa binti yake mkubwa, fundi wa malori kule Mikumi kwenye barabara kuu. Shehe alikuwa amelimaliza suala hilo: mkwe ni maharimu, yaani mwanamume ambaye dini inamruhusu mama huyo kusafiri naye, na mwanamume mwingine wa karibu hakuwepo. Salumu alikuwa jitu la mtu, mikono imejaa grisi isiyotoka, mpole, hasemi mpaka aulizwe.

Siku ya kupimwa nilikaa kwenye benchi la nje, nikiamini Salumu naye atangoja huko mpaka atakapoitwa kuelezwa dawa. Nikaenda kununua karanga. Niliporudi, mlango ulikuwa unafunguliwa. Bi Mwanaidi alitoka wa kwanza, kitambaa usoni, akapita bila kunitazama. Daktari, kijana kutoka Bukoba aliyekuwa ndiyo kwanza amepangiwa kwetu, alitikisa kichwa. Alisema mapigo yanakwenda mbio mno, tena ameyangoja yatulie, yakazidi. Mtu mwenye moyo wa namna ile hawezi kumwandikia kwamba umetulia.

Niliumia, sifichi. Nilimfuata yule mama mpaka kwenye njia ya kwenda stesheni nikitafuta la kumwambia, nikakuta ananifariji yeye.

"Kule mtu haendi kwa fedha wala kwa bima, mwanangu. Anaitwa," akasema. "Labda mimi sijaitwa."

Kabla sijajibu, nilimwona Salumu anakuja nyuma yetu amebeba kikapu alichokisahau mama mkwe wake hospitalini. Bi Mwanaidi alipomwona, aliacha njia, akaingia kwenye majani, akajifunika uso na kugeuka upande wa mlima. Salumu akatazama chini, akaweka kikapu njiani, akarudi alikotoka karibu kwa kukimbia. Alipokwisha kupotea kwenye kona, mama akatoka majanini, akachukua kikapu chake.

Nikamuuliza, "Mama, wakati unapimwa, Salumu alikuwa wapi?"

Akasema nesi alimwita aingie, maana imeandikwa awepo. Alikaa palepale. Naye mama amefunguliwa vifungo, daktari anamsikiliza kifua.

Nilicheka nikashika ukuta wa duka. Msiotoka pande hizi niwaeleze: kwetu sisi mkwe na mama mkwe hawakutanishi macho, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja. Ni heshima, na ina uzito. Mimi Mkristo, nimesoma, nimepanda treni, lakini niliwahi kutoka nyumba ya shemeji yangu kupitia dirishani, na chai mkononi, kwa sababu mama mkwe alikuwa anaingia mlangoni. Sasa mchukue mama kama huyo, mvue baibui mbele ya mkwe wake, halafu umpime mapigo. Wale watwangaji wawili kifuani walikuwa na haki ya kupiga mbio. Hata mtu asiye na ugonjwa angefeli.

Nikarudi kwa daktari mbio nikamweleza, nikidhani yamekwisha. Ampime tena peke yake, atie sahihi, twende zetu. Yule kijana akanisikiliza vizuri, kisha akanikalisha chini kwa swali moja.

"Na huko ndegeni na mahemani, atakaa na nani?"

Alikuwa na haki kabisa. Mama huyu alikuwa anakwenda kuishi wiki nzima nzima na mtu ambaye akimwona tu moyo wake unakimbia, na mtu huyo huyo ndiye wa kumpa kidonge. Dini iliwaruhusu, desturi ilikuwa bado haijawafungulia. Daktari akasema atampima tena, tena kwa hiari yake, ila mkwe akiwa chumbani, nyuma ya pazia. Moyo ukitulia hivyo, ataandika.

Nilirudi kwa Bi Mwanaidi kwa aibu kubwa kuliko niliyoondoka nayo. Kuongea na mama wa watu habari za mkwe wake si kazi ya bima. Lakini yeye akasema desturi ina mlango wake. Mkwe huleta kanga na kuku, wakubwa wa ukoo hushuhudia, wawili hao hula sahani moja, na kuanzia hapo huwa mama na mwana. Ilikuwa ifanyike zamani. Mumewe alifariki mwaka ule ule wa harusi, kisha Salumu akapata kazi Mikumi, ikaahirishwa, na jambo likiahirishwa sana watu huona haya hata kulikumbusha.

Salumu nilimfuata Mikumi mwenyewe. Nilimkuta chini ya lori, nikazungumza na miguu yake. Nilipomaliza, sauti ikauliza kutoka chini ya injini kama kanga iwe ya rangi gani. Nikajua tumepata mtu.

Tulikusanyika Tindiga, nyumbani kwa mama. Wifi yake, dada wa marehemu, ndiye aliyesimamia, mwanamke mkali aliyefurahi sana kuona watu wawili wakubwa wanatetemeka mbele yake. Kanga ilipokewa. Kuku alichinjwa, wali ukapikwa, mpunga mpya wenye kunukia. Waliwekewa sinia moja, mkwe upande huu na mama mkwe upande ule, na sisi wengine tukajifanya tunaangalia mambo yetu. Salumu, anayeinua gurudumu la lori peke yake, alishindwa kuinua tonge. Wali ulikuwa unapoa. Mimi nilikuwa natokwa jasho kama vile ni mimi ninayeoa, kwa maana kila kitu, safari, akiba ya miaka yote, radhi za kijiji kizima, kilikuwa juu ya sinia lile.

Ndipo Bi Mwanaidi akanyoosha mkono, akausogeza mchuzi upande wa pili.

"Mwanangu," akamwambia, "ongeza mchuzi."

Yalikuwa maneno ya kwanza kumwambia tangu amwoe binti yake. Salumu aliongeza mchuzi. Akala, akala, akaendelea kula mpaka wifi akasema sasa inatosha, desturi haikutaja kumaliza sufuria. Watu wakacheka, na mama naye akacheka bila kujifunika. Nilikwenda uani nikavuta pumzi kama mtu aliyetua gunia.

Daktari alimpima tena. Salumu alikaa nyuma ya pazia, akikohoa kila mara ili ijulikane yupo. Safari hii nilisimama mlangoni, sikwenda kununua chochote. Daktari alisikiliza muda mrefu, akashika kiganja, akasikiliza tena. Kisha akavua vile vya masikioni.

"Haujapona, bibi, na sitakudanganya kwamba utapona," akasema. "Lakini umetulia. Ugonjwa uliotulia husafiri."

Akaandika. Akamwita Salumu, akamwonyesha vidonge, dalili za hatari, na namna ya kupima mapigo chini tu ya kiganja. Salumu alishika mkono wa mama yake kwa vidole viwili, kwa uangalifu ule ule anaoshikia skrubu ndogo. Morogoro walitia mhuri bila swali.

Waliondoka kwa treni, kundi zima, na mimi nikabaki na hofu ambayo hakuna kitabu cha viwango kinachoitaja. Nilimwandikia bima, ndiyo, lakini bima haimzuii mtu kufa, inalipa tu. Kila simu ya posta ikilia nilidhani ni yao. Nilijaribu kumwandikia Mzee Jivan kumweleza, nikachana barua, nikaona nitangoja mwisho. Mke wangu alisema sijawahi kusali vile kwa ajili ya Mkristo yeyote.

Siku ya kurudi nilikuwa stesheni kabla ya wenye ndugu zao. Treni iliposimama, nilisikia sauti ya Bi Mwanaidi kabla sijamwona. Alikuwa anamgombeza Salumu kwa sababu ameshika dumu la maji ya Zamzam kichwa chini, na Salumu anamjibu kwamba mfuniko ameukaza yeye mwenyewe, fundi, hauwezi kuvuja. Walikuwa wanabishana kama watu waliobishana maisha yao yote. Nikaketi kwenye lile benchi alilonituma Mzee Jivan nikakalie siku ya kwanza. Jioni ile ile nilimwandikia barua yake.

Baada ya siku chache Bi Mwanaidi alikuja ofisini na chupa ndogo ya Zamzam na tende. Bima haikutumika hata senti, na bima isiyotumika ndiyo nzuri kuliko zote, ingawa wateja hawapendi kuambiwa hivyo. Kazini tulitakiwa kumuuliza kila mteja hali yake kabla ya kufunga faili, basi na mimi nikamuuliza, kalamu mkononi, kama moyo ulimsumbua safarini.

Akafikiri. Ndegeni ulitulia, alisema. Madina ulitulia. Siku Salumu alipopotea sokoni, yeye ndiye aliyemtafuta, na moyo ukatulia. Ulikimbia mara moja tu, siku alipoiona Kaaba kwa macho yake.

Nikauliza Salumu alifanya nini.

"Alinishika kiganja, akatoa kidonge," akasema. "Nikamwambia, ngoja mwanangu. Huu uache ukimbie."